Karani Aliyekunja Mikono Kwapani

Mama yangu alikuwa na kuku mmoja mwekundu, shingo haina manyoya, aliyetaga kuliko kuku wote wa kijiji, na hakuna mtu aliyewahi kula yai lake. Alikuwa anaficha. Asubuhi anatoka bandani na wenzake, anachakura kidogo mbele ya jikoni kama mtu asiye na neno, halafu ukigeuza macho hayupo. Akishataga haondoki hapo akitetea kama kuku wengine. Anatembea kwanza mpaka upande wa pili wa boma, karibu na choo, ndio anatetea. Tunakimbia chooni, hakuna kitu. Mwezi mmoja baadaye tukifyeka nyasi ndipo panga linapasua kiota, mayai kumi na tano yameoza, harufu mpaka kwa jirani. Mama alimchinja Krismasi, na akamlilia. Akasema, "Huyu kuku kazi aliijua. Ni vile tu hakutaka tujue."

Mimi nilipewa shingo. Ilikuwa ngumu.

Sasa sijui kwa nini kalamu imeenda kwa kuku. Nilikaa chini kuandika habari za Karani. Mnivumilie, shule niliacha darasa la tatu, na mtu wa darasa la tatu haandiki kwa mstari mnyoofu. Lakini huyo kuku ana kazi yake hapa, mtaona.

Mimi ni fundi wa masanduku. Yale ya bati, ambayo mtoto akienda shule ya bweni anabebewa kichwani, rangi ya buluu ama nyeusi, na jina lake limeandikwa kwa rangi nyeupe juu ya kifuniko. Nimeyapiga Gatwekera, ndani ya Kibera, tangu nywele zangu zikiwa nyeusi. Huko sikuwa na bango. Mtu akiuliza anaambiwa, "Fuata kelele." Halafu barabara ikapanuliwa, tukaambiwa tuhame, nikapata kiuwanja Kawangware, pale stendi ya 56, nyuma ya duka la hardware lenye mlango wa kijani. Masanduku yana msimu mmoja tu, Januari. Januari ya kwanza baada ya kuhama niliuza manne. Kibera nzima ilinitafuta Gatwekera, haikuniona, ikanunua kwingine.

Mke wangu yuko nyumbani upande wa magharibi, analinda shamba. Alinipigia. "Baba Nekesa, Januari nyingine ikienda hivi, funga vyombo urudi." Alisema kwa upole, na huo upole ndio uliniuma. Kurudi nyumbani ni kuzuri. Lakini kurudi na nyundo peke yake, baada ya miaka yote hiyo, watu wakikuangalia mikono, hapana. Nilichukua kila kitu nilichokuwa nacho nikanunua bati, nikajaza uwanja masanduku, nikakaa juu ya moja nikajiuliza ni nani atajua. Hapo ndipo nikamkumbuka yule kuku. Na baada ya kuku, Karani.

Tulimwita Karani, na mpaka leo jina lake lingine silijui. Alikuwa mtu wa ziwani, hilo lilijulikana kwa sababu aliita kila mtu omera, yaani ndugu kwa lugha ya kwao, hata askari, hata mke wa mchungaji. Zamani alikuwa na meza ya kukunja na taipureta karibu na ofisi ya chifu, akiandikia watu barua na kuwajazia fomu. Kila mtu wa rika langu pale Gatwekera amepitia mikononi mwake. Karani alijua nani alimwacha nani, nani alifutwa kazi akasema ameacha mwenyewe. Hakuwahi kutoa neno. Ukimwambia, "Karani, kumbe fulani ana watoto wawili Mombasa?" anafuta taipureta yake na kitambaa kama hujasema kitu.

Barua yangu ya kwanza kwa mama aliiandika yeye. Nilikuwa nimekaa mjini miezi minane bila kutuma habari. Nikaanza kumwambia aandike: salamu nyingi kama mchanga wa mto, mimi mwanao mpendwa nikiwa katika jiji hili kubwa, na kadhalika, na kwamba nafanya kazi ofisini. Akapiga maneno matatu, akasimama.

"Nani atamsomea mama yako?"

"Mwalimu wa shule ya msingi, jirani yetu."

"Ni mtu wa subira?"

"Hapana."

"Basi atasoma mstari wa kwanza na wa mwisho, aende kwa chai yake. Mama yako anataka kujua nini, omera? Si ofisi."

Akatoa ile karatasi, akaweka nyingine, akaandika: Mama, niko hai. Nimejifunza kupiga bati. Salamu akaziweka chini. Mama alikuja kuniambia miaka mingi baadaye kwamba mwalimu aliposoma mstari wa kwanza, yeye mama alimnyang'anya karatasi akaenda nayo shambani, na hakutaka kujua yaliyobaki.

Simu zilipokuja, barua zikafa. Wenzake wa taipureta wakawa wauza peremende na wauza kadi za simu. Karani alihamia saiba moja ya Kawangware, duka la kompyuta na intaneti, akawaambia vijana wa pale wamfundishe. Walimcheka. Alikuwa mzee tayari, miwani imefungwa na waya, waya niliyomkatia mimi. Baada ya muda wao ndio walikuwa wanamuuliza. Akachukua kompyuta ya dirishani, akaanza kuwatengenezea mafundi websaiti: wa viatu, wa vitanda, mama mmoja wa kusuka nywele. Nilimuuliza aliwezaje kazi mpya uzeeni, akanikasirikia kabisa. "Mpya gani? Mtu ana neno. Mwingine yuko mbali anangoja hilo neno. Mashine ndiyo imebadilika."

Alikuwa na hasira za karibu, huyo mzee. Na majivuno ya viatu. Gatwekera wakati wa mvua, tope linafika kwa goti, yeye viatu vinang'aa. Alivua, akavibeba kwenye mfuko wa plastiki, akapita tope bila viatu, akanawa miguu kwa bomba la maji na kuvaa tena, ndio akafika kazini. Kwa hiyo watu wa ofisi ya chifu waliona viatu na watu wa tope waliona nyayo, na kila upande ulidhani unamjua. Kanisani hakuingia hata siku moja, lakini matangazo ya makanisa matatu aliandika yeye, na mchungaji akiweka makosa aliyarekebisha. Chai alikunywa amesimama. Akija kwangu hakalii kiti, anakalia sanduku, tena anachagua lile jipya, anajirusha mara mbili. Likilia, ananiangalia tu.

Nilipomwendea kuhusu websaiti nilikuwa na mipango yangu. Nilikuwa nimeona za watu wakubwa. Nilitaka ikifunguka, picha yangu ije kwanza nikiwa na suti, wimbo wa kwaya yetu ulie, halafu maneno makubwa: TUNATOA BIDHAA BORA ZA CHUMA KWA UADILIFU.

Akakunja uso kama aliyeuma pilipili. "Omera, ni nani ameamka leo akasema, ngoja nitafute bidhaa bora za chuma?"

"Ni heshima ya biashara."

"Na wimbo? Mama wa watu ameiba dakika moja kazini kwa mdosi afungue simu, kwaya yako inapaza sauti. Mdosi anageuka. Atarudi kwako huyo?"

"Picha basi."

"Anakuja kuolewa na wewe ama kununua sanduku?"

Tulikosana siku mbili. Siku ya tatu alikuja mwenyewe na daftari, penseli nyuma ya sikio, akanipeleka stendi ya 56 asubuhi, akanikalisha kando ya mama mmoja anayeuza omena, wale dagaa wa ziwani. Akasema nisiseme na mtu. Nisikilize tu. Mtu akipita akitaja kitu changu, nimwambie amesemaje, neno kwa neno. Asubuhi tatu nimekaa hapo nikinuka omena. Hakuna aliyesema chuma. Mmoja alisema, "Niko na msichana anaenda bording, boksi zinapatikana wapi?" Mwingine, "Ile sanduku ya shule ya kufunga na kufuli." Kijana mmoja, "Buda, box ya form one ni how much?" Karani aliandika yote kwenye daftari, hata ile ya kijana, hata makosa. Nikamwambia hiyo si lugha. Akasema, "Ndiyo lugha wataandika kwa simu wakikutafuta. Ukiandika ya kwako, mtapishana njiani kama watu wawili gizani." Hayo maneno yote akayaingiza kwenye ukurasa wangu, boksi na sanduku na box, kila moja mahali pake. Juu kabisa aliweka hivi: Masanduku ya shule. Kawangware 56. Halafu namba ya simu, ambayo ukiigusa inapiga yenyewe. Halafu bei. Nilitaka kuficha bei ili mtu aje tuongee. Alikataa. "Maskini haulizi bei, anaogopa kuaibishwa. Anaenda mahali imeandikwa." Hapo alinigusa, kwa sababu hata mimi niko hivyo.

Sasa huyo mama wa omena. Simu yake ilikuwa imepasuka kioo kama utando wa buibui, na bando ya intaneti alinunua ya shilingi chache chache. Karani alikuwa na mtihani mmoja tu wa kazi zake zote, na mtihani ulikuwa simu hiyo. Akimaliza ukurasa, anaenda kwake, anamwambia, "Nyar dala, binti wa kwetu, hebu tafuta boksi ya shule," halafu anarudi nyuma hatua mbili, anakunja mikono na kuificha kwapani. Niliuliza kwa nini kwapani. Akasema mikono yake ina tabia mbaya, inapenda kuonyesha. "Ukimwonyesha umeshindwa. Nyumbani kwake hutakuwa hapo uonyeshe."

Mara ya kwanza nilipoona mtihani huo, picha zangu zilikuwa nzito, zile nilizomlazimisha aweke, masanduku kumi na mawili pande zote. Mama alingoja. Akageuza samaki. Akaangalia tena. "Karani, hii kitu yako inakula bando yangu na haijaiva!" Watu wakacheka. Karani hakucheka. Alienda akatoa picha zote akabakiza moja, ndogo, sanduku limefunguliwa ili mtu aone ndani. Mara ya pili mama alikwama, hakuona mahali pa kubonyeza, kidole kinazunguka kama inzi. Karani mikono kwapani, jasho linamtoka. Nikasema huyu mama ni mjinga wa simu. Alinigeukia: "Mtu akikwama kwa mlango wako, mjinga ni fundi wa mlango." Mara ya tatu kidole chake kilienda moja kwa moja, simu yangu ikalia mfukoni nikiwa nimesimama mbele yake. Nikapokea. "Haloo, ni fundi wa maboksi?" mama akauliza akiniangalia machoni, na mimi nikamjibu kwa simu kama mpumbavu, ndiyo mama, karibu sana.

Lakini yeye mwenyewe, Karani, ukitaka kumpata ilikuwa shida. Simu yake ilikuwa kabambe ya vibonye, mara nyingi imezimwa. Websaiti hakuwa nayo. Wengine walisema analala Gatwekera bado, wengine walisema ana chumba huko nyuma ya soko. Ukimwuliza anasema, "Niko tu." Mama wa omena alimtania, "Wewe unatangaza wanaume wote wa Kawangware na wewe hatujui mlango wako. Una bibi mkali?" Alicheka kidogo akaondoka. Sikuuliza zaidi. Mtu aliyebeba siri za Gatwekera nzima, nilimwachia ya kwake.

Sasa nifike kwa kosa langu, ambalo nalo lazima nilisimulie, ingawa mke wangu hataki.

Karani alikuwa na sharti la tangu enzi za barua. Barua anaandika yeye, lakini sahihi ama dole gumba ni lako. Kwa hiyo ukurasa ulipokamilika aliniacha pale saiba na kompyuta. Kulikuwa na ramani, na alama nyekundu, na swali, unapatikana wapi. "Hapo weka mwenyewe," akasema, akatoka kwenda kunywa chai. Mimi nikafikiri. Mwanaume anaulizwa mahali pake. Tangu nilipofika Nairobi, kwenye harambee, kwenye matanga, kwa chifu, nikiulizwa mahali pangu natoa jibu moja. Nairobi nimekuja kutafuta tu, hata kama utafutaji umechukua maisha yote. Mwanaume anayesema mahali pake ni Kawangware, huyo amepotea, atazikwa na kaunti. Nikaandika kijiji chetu. Ramani ikakipata, hata mto wetu ukaonekana. Nikafurahi sana. Nikabonyeza.

Desemba ikaingia. Simu hazikulia. Masanduku yamejaa mpaka njiani, nalala nikiyafikiria. Halafu asubuhi moja ikalia, ni mke wa ndugu yangu kutoka nyumbani, ambaye huniita mulamwa, yaani shemeji.

"Mulamwa, umetuma watu hapa bomani?"

"Watu gani?"

"Baba mmoja na pikipiki. Anasema simu yake imemleta kununua boksi. Nimempa chai. Nimwambie nini?"

Kabla sijajibu simu nyingine ikaingia, mama wa Nairobi hii hii. "Mzee, mbona simu inaniambia nipitie Nakuru? Si umesema ni 56?" Nikaanza kumwelekeza, akakata.

Nilikimbia saiba. Karani alisikiliza mpaka mwisho. Nilingoja anitukane, kwa sababu alikuwa mtukanaji mzuri. Hakutukana. Alivua miwani.

"Uliweka nyumbani."

"Niliulizwa mahali pangu."

"Uliulizwa unapatikana wapi. Mama yako angekuwa hai leo, na amekuja mjini kukutafuta, angekupata wapi?"

Nikasema, 56. Nyuma ya hardware.

"Mpaka saa ngapi?"

"Mpaka saa kumi na mbili jioni."

"Kila siku?"

"Isipokuwa Jumapili."

"Basi umejijibu, omera. Boma ni lako, hakuna anayelichukua. Hii alama si kaburi." Akanisogezea simu ya kijana wa saiba. "Jilete."

Nikaweka kidole juu ya ile alama. Haikusogea. Vidole vyangu vimechomwa na kukatwa na bati mpaka ngozi imekuwa kama ya kobe, simu hazinitambui. Nikalamba kidole, nikajaribu. Nikajaribu dole gumba. Kijana akasema, "Mzee, nikusaidie?" Karani akamwambia, "Wacha." Yeye mikono kwapani. Mwishowe nilitumia kidole cha mwisho, kile kidogo ambacho hakijawahi kufanya kazi, ndicho kikakubali. Nikajivuta polepole kutoka kijijini, nikapita Kisumu pembeni, nikapita Nakuru, Naivasha, nikaingia Nairobi kwa njia ya juu, mpaka Kawangware. Nikajiachia nyuma ya hardware. Nilisikia vibaya, sitadanganya. Nilisikia kama mtu aliyehama bila kumuaga mama.

Karani akaongeza maelezo kwa maneno, kwa sababu hakuamini ramani peke yake: Shuka 56. Tafuta mlango wa kijani wa hardware. Zunguka nyuma. Ukisikia nyundo umefika. Halafu akaniagiza sanduku. Dogo, jeusi, lenye kishikio kila upande. Nilidhani ni la mjukuu.

Alikuja kulichukua wiki ya kwanza ya Januari, asubuhi. Rangi ilikuwa imekauka, imebaki kishikio kimoja na jina. Nilichovya brashi kwenye rangi nyeupe. "Niandike nani?"

"Usiandike."

"Hata shule?"

"We funga kishikio."

Sasa nikiwa nimeinama na nyundo, nikainua macho nikamwona mama mmoja na msichana wa sare mpya, kule mbele ya hardware. Simu ameishika mbele kama anayebeba uji wa moto. Hakuuliza mtu. Akatazama mlango wa kijani, akatazama simu, akazunguka nyuma. Alikuwa wa kwanza kuletwa na ukurasa mpaka hapa. Akafika kwenye njia panda yetu, akasimama. Kushoto ni sisi, kulia ni kwa wauza mkaa. Akaanza kwenda kulia.

Nikafungua mdomo nimwite. Karani akanishika mkono, mara ya pekee aliyowahi kunigusa.

"Usiite."

"Anapotea, Karani! Huyo anaenda!"

"Omera," akasema polepole, mikono imerudi kwapani, "nyundo yako imenyamaza."

Nikaangalia. Nyundo nilikuwa nimeishika hewani kama sanamu. Nikaishusha kwenye kile kishikio. Ngo. Tena, ngo, ngo. Yule mama akasimama. Akageuza kichwa, akasema kitu kwa msichana, wakarudi. Wakaja moja kwa moja mpaka kwenye masanduku.

"Ni hapa penye boksi za shule?"

Nikasema ni hapa. Nikasema ndiyo mama, ni hapa, napatikana hapa. Msichana alikuwa ameshakaa juu ya sanduku la buluu, anajirusha. Nyuma yao, mwanaume mwingine alikuwa anazunguka kona ya hardware, simu mkononi.

Karani alilijaribu sanduku lake, vishikio vyote viwili, akalitia begani. Lilikuwa tupu, halina jina. Akatoa kitambaa, akapangusa kiatu cha kulia, halafu cha kushoto. Nilitaka kumwambia angoje chai, lakini yule mama alikuwa ananiuliza kama kufuli inakuja na sanduku. Nilimwona Karani akimpisha yule mwanaume pale konani, akapita mlango wa kijani, akaingia kwa watu wa stendi. Hakugeuka, na mpaka leo hajarudi, na hakuna anayejua anapatikana wapi.